Nani Aamue kwa Niaba ya Baba? Historia ya Hajr Kutoka Madina Hadi Mombasa



Leo tunaweka kando shela na hina. Kuna swali ambalo limekuwa likitufikia pamoja na vipimo vya magauni, na kila mara huulizwa kwa sauti ya chini: baba amepatwa na maradhi ya kusahau, hata jina langu halimjii, nani atanioza? Nyuma ya swali hilo huwa kuna jingine. Hilo haliulizi bi harusi, huliuliza dada yake mkubwa au shangazi yake: nyumba ya baba ina wapangaji, kodi apokee nani, na akitokea mtu wa kuiuza, nani wa kumzuia?

La kwanza jibu lake ni fupi. Walii wa ndoa sharti awe na akili timamu. Baba akiwa hana, uwalii humwondokea ukaenda kwa anayemfuata: babu mzaa baba akiwa hai, kisha kaka, na kuendelea kwa mpango wanaoujua mashekhe wetu. Mwendeeni kadhi mapema, msingoje wiki ya harusi.

La pili ndilo refu. Watu wengi wa pwani hudhani jibu lake ni lile lile: kaka mkubwa ndiye baba sasa, basi na achukue hati. Sivyo, wala haijawahi kuwa hivyo. Tangu zama za Madina, anayetaka kumwamulia mtu mzima mambo ya mali yake hupeleka neno lake mbele ya mwenye mamlaka, na mara nyingi hurudi na kidogo kuliko alichokwenda kuomba. Hiyo ndiyo historia tunayotaka kuisimulia, kwa sababu wengi wetu tunaishi ndani yake bila kujua.

Mfanyabiashara aliyeumia kichwa

Palikuwa na Ansari mmoja aliyekuwa akipenda sana kununua na kuuza. Wanavyuoni wengi wamemtaja kuwa ni Habban bin Munqidh, na wengine wakasema ni baba yake, Munqidh bin Amr. Alikuwa amejeruhiwa kichwani, na jeraha lile likamwathiri akili na ulimi. Sokoni alikuwa akidanganywa. Analipa zaidi, anauza kwa hasara, na kesho yake anarudi tena.

Watu wa nyumbani kwake wakamwendea Mtume (SAW) wakamwomba amwekee hajr. Hajr, kwa wasiolizoea neno hili, ni kumzuia mtu asiweze kuifunga mali yake kwa kauli yake mwenyewe: akiuza, mauzo hayashiki. Basi ombi la jamaa kutaka mamlaka juu ya maamuzi ya ndugu yao limekuwamo katika Uislamu tangu kizazi cha kwanza. Halikuanzia kwa mawakili wa barabara ya Moi.

Tazameni lilivyoamuliwa. Mtume (SAW) alimwita mtu mwenyewe na kumkataza biashara. Yule bwana akasema hawezi kuvumilia kuiacha. Hapo Mtume (SAW) hakumtoa sokoni. Alimfundisha, kila anapofanya biashara, aseme wazi kwamba hadaa haimo, na katika riwaya nyingine akapewa nafasi ya siku tatu ya kurudisha alichonunua. Inasimuliwa kwamba aliishi umri mrefu sana, mpaka ukhalifa wa Seyyidna Uthman. Alikuwa akinunua kitu, watu wa nyumbani kwake wakimlaumu kwa bei, anakirudisha. Muuzaji akikataa, Sahaba mmoja hupita akashuhudia kwamba bwana huyu amepewa siku tatu na Mtume mwenyewe.

Wanachuoni wameichambua hadithi hii kwa karne nyingi na hawakukubaliana. Kuna waliosema inathibitisha kwamba hajr juu ya mtu mzima haifai, maana jamaa waliomba wasipewe. Na kuna waliosema inathibitisha kwamba inafaa, kwa kuwa Mtume (SAW) hakuwakemea kwa kuomba, na kwanza alimkataza kweli. Sisi si wanachuoni. Jicho la fundi linaona kitu kingine: kilichokatwa kilikuwa kwa kipimo cha aliyevaa. Udhaifu wake ulikuwa kwenye bei, basi akalindwa kwenye bei. Hakufungiwa ndani, hakunyang'anywa kauli yote, wala jamaa zake hawakukabidhiwa mkoba wake.

Siku Bi Aisha alipotishiwa hajr

Kisa cha pili kinatuhusu zaidi sisi wanawake, na tunashangaa kwamba hakisimuliwi sana kwenye darsa zetu. Kimo katika Sahihi Bukhari.

Bi Aisha (RA), mama wa Waumini, alikuwa mkarimu kupita kiasi. Alichopata alikitoa. Mpwa wake Abdullah bin Zubayr, mtoto wa dada yake Asmaa, alisikia habari ya kitu ambacho Bi Aisha alikuwa amekiuza au amekitoa, akasema kwamba ama aache au yeye atamwekea hajr. Maneno yale yakamfikia. Bi Aisha akauliza kama kweli kayasema, akaambiwa ndiyo, akaweka nadhiri ya kutosema naye kabisa.

Nadhiri ile ilidumu mpaka Abdullah akadhikika. Akawaendea watu wawili wa Bani Zuhra, al-Miswar bin Makhrama na Abdurrahman bin al-Aswad, akawasihi wamwingize kwa khaloo yake. Wakaenda naye wamemfunika kwa nguo zao, wakapiga hodi na kuuliza kama waingie wote. Naye, bila kujua nani yumo, akasema ingieni wote. Abdullah akapita ndani ya pazia, akamkumbatia akilia na kumwomba, na wale wawili nje wakimkumbusha katazo la kumsusia Muislamu zaidi ya siku tatu. Akalia yeye pia, akawaambia nadhiri ni jambo zito. Mwisho akasema naye. Kwa ajili ya nadhiri ile akaacha huru watumwa arubaini, na kila alipoikumbuka baadaye alilia mpaka mtandio ukalowa.

Abdullah hakuwa mtu mbaya. Alimpenda khaloo yake, naye alikuwa miongoni mwa watu wapenzi mno kwake. Wala hatuwezi kusema alitaka kumla mali. Aliona mali inatoka, akaogopa. Wangapi kati yetu wamewahi kusema hivyo hivyo juu ya mama anayempa kila mwombaji, au nyanya aliyeamua kuuza bangili zake akachimbishe kisima? Lakini Bi Aisha alikuwa na akili timamu, na kutoa kwa wingi si maradhi. Kumfananisha mtu mwenye akili na asiyeweza kujiamulia, kwa sababu tu hatupendi anavyotumia chake, ni dhuluma iliyomliza mama wa Waumini. Tunaomba kila mwenye kukusudia kwenda mahakamani juu ya mzazi aikumbuke habari hii kabla ya kupanda ngazi.

Wanachuoni walipokaa kuandika

Baada ya hapo mafakihi wakaanza kupanga milango. Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 wa Hijra, alikataa hajr juu ya mtu mzima mwenye akili hata akiwa mfujaji, kwa hoja kwamba kumfutia mtu kauli yake ni kumwondolea utu, na hilo ni zito kuliko kupoteza mali. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, hawakumfuata katika hilo, na Imam Shafi pia alikubali mfujaji azuiwe. Juu ya asiye na akili kabisa hawakuhitilafiana: huyo kauli yake katika mauzo haishiki, na lazima awepo wa kumsimamia. Waturuki walipoiandika Mejelle yao kati ya 1869 na 1876 walilisema hilo kwa kifungu: mtoto mdogo na mwenye wazimu wamezuiwa kwa hali yao yenyewe, lakini mfujaji hazuiwi mpaka hakimu aseme.

Huku kwetu kitabu kilichokuwa mezani kwa makadhi ni Minhaj ya Imam Nawawi. Humo msimamizi wa mali ya asiyejiweza ni baba, kisha babu, kisha aliyeusiwa na mmoja wao, kisha kadhi. Someni tena orodha hiyo. Mtoto hayumo. Kaka hayumo. Mzee wa miaka sabini aliyepotewa na kumbukumbu, ambaye baba na babu yake walikwisha kutangulia mbele ya haki, msimamizi wake ni kadhi, au yule ambaye kadhi atamweka. Kifungua mimba wa kiume anayetembea na hati mfukoni akisema dini imempa, ajue kwamba madhehebu yetu hayakumpa chochote mpaka apewe.

Mama naye hayumo, kwa kauli iliyo na nguvu, na dada zetu wengine huumia wakisikia hivyo. Lakini kutokuwamo katika orodha si kusema hafai. Seyyidna Umar (RA) alipoiweka wakfu ardhi yake, aliyoikabidhi usimamizi wake ni binti yake Hafsa, na baada ya Hafsa mwenye busara katika jamaa. Alikuwa na wana wa kiume watu wazima, akamchagua binti. Kwa hivyo kadhi akimweka mwanamke mwaminifu asimamie mali ya mgonjwa, hajazua jambo.

Mafakihi walimfunga msimamizi kamba fupi. Nyumba na shamba haviuzwi ila kwa haja au kwa faida iliyo wazi. Qur'ani katika Suratun-Nisaa, ikizungumzia mayatima, ikamtaka msimamizi aliye tajiri ajizuie na aliye maskini ale kwa wema, na siku ya kukabidhi mali pawe na mashahidi. Na uwakala uliotolewa na mtu akiwa mzima huanguka siku akili inapomtoka, maana wakili hawezi kubaki na nguvu ambayo mwenyewe hana tena. Hili la uwakala tutalirudia, lina balaa lake siku hizi.

Bi harusi wa 1814

Sasa tunavuka bahari kwenda London, na tunaomba mtuvumilie. Sheria inayotumika Mombasa leo juu ya jambo hili haikutoka kwenye Minhaj. Ilikuja na Waingereza, na kwao ilikuwa na historia yake, yenye harusi ndani.

Uingereza tangu zama za kati mfalme ndiye aliyekuwa mlezi wa mali ya wasio na akili. Jamaa akitaka mamlaka alipeleka ombi kwa jaji wa juu wa mfalme, na likikubaliwa huundwa tume, na jopo la raia walioapishwa husikiliza mashahidi wakaamua: huyu ana akili au hana, na tangu lini.

Earl wa Portsmouth, John Wallop, alizaliwa mwaka 1767. Alikuwa tajiri wa mashamba, na tangu utoto ilionekana akili yake haikukomaa kama ya wenziwe. Alipenda kengele za kanisa na alipenda mno kuhudhuria mazishi. Mwaka 1799 akaozwa Grace Norton, bibi aliyemzidi umri sana, na mali ikawekwa chini ya wadhamini. Bibi huyu alimtunza vizuri, kila mtu alishuhudia hilo. Pia jamaa hawakuwa na haraka ya kulalamika, kwa kuwa mke wa umri ule hakutarajiwa kuzaa mrithi, na mrithi angebaki kuwa ndugu mdogo, Newton Fellowes.

Grace alifariki mwishoni mwa 1813. Miezi michache tu baadaye, tarehe 7 Machi 1814, Earl akaoa tena. Bi harusi alikuwa Mary Anne Hanson. Baba yake, John Hanson, alikuwa wakili wa Earl na mmoja wa wale wadhamini wa mali yake. Mtu aliyeaminiwa kumlinda asiyejiweza alimchukua akamwoza binti yake, haraka, bila ndugu wa bwana harusi kujua. Aliyemshika mkono bi harusi kumpeleka mbele ya kasisi ni mshairi Lord Byron, ambaye naye alikuwa mteja wa Hanson.

Newton alipeleka ombi la tume. Byron akaapa kiapo kwamba siku ile bwana harusi hakuonekana kuwa na kasoro, na Lord Eldon, jaji aliyepelekewa, akalikataa ombi. Earl akarudi kwa mkewe.

Yaliyofuata ni ya kusikitisha. Mary Anne alikuwa na mwanamume mwingine ndani ya nyumba ile ile. Earl alipigwa na kudhalilishwa, tena na mkewe na shemeji zake. Ilikuwa mpaka Februari 1823, kwa ombi la mtoto wa Newton safari hii, ndipo tume ikakaa London. Ilisikiliza kwa siku kumi na saba, magazeti yakachapa kila neno, watu wakasukumana mlangoni. Watumishi, madaktari, wachungaji na wakulima walipita wakisimulia mambo ya faraghani ya mtu aliyekuwa hai na anasikia. Jopo likaamua kwamba hakuwa na akili timamu tangu mwanzo wa 1809. Mwaka 1828 ndoa ikabatilishwa. Earl aliishi kwa utulivu shambani kwake mpaka 1853.

Tumekisoma kisa hiki tukamhurumia hata Mary Anne kidogo, mwanzoni. Msichana anaambiwa na baba yake, utaolewa na lodi. Nani alimuuliza? Lakini alichomfanyia mume wake baadaye hakina udhuru. Na Newton, je? Alisema kweli kwamba ndugu yake anateswa. Pia alikuwa na cheo na mashamba ya kurithi kama ndoa ile haitaleta mtoto wa kiume. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana jaji wa kesi hizi hawezi kumtazama mwombaji machoni akaridhika. Katika dini yetu, anayemwoza mtu asiye na akili sharti atazame maslahi ya mtu huyo. Hanson alitazama ya kwake.

Waingereza waliendelea kuibadilisha sheria yao. Mwaka 1890 ikaja sheria ndefu ya wendawazimu, kama walivyowaita. Mwaka 1985 waliruhusu uwakala unaodumu hata akili ikipotea, na sheria yao ya 2005, iliyoanza kazi 2007, inaanza na neno ambalo Bi Aisha angelikubali: mtu huhesabiwa ana uwezo wa kuamua mpaka ithibitike hana, na uamuzi usio wa busara peke yake si ushahidi.

Ilivyofika kwetu

Desemba 1895 Sultani wa Zanzibar aliwaachia Waingereza utawala wa ukanda wa pwani kwa mapatano, bendera yake ikabaki na makadhi wakabaki. Lakini hawakubaki na kila kitu. Pole pole walibakishiwa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, na mengine yakaenda kwa mahakama za serikali. Sheria nyingi zililetwa moja kwa moja kutoka India, ikiwamo ile ya hifadhi za wendawazimu ya 1858. Mwaka 1910 ikafunguliwa Nairobi hifadhi ambayo leo ni hospitali ya Mathari. Mgonjwa wa pwani akapandishwa treni kwenda mahali ambako hajui mtu wala hali ya hewa, na mali yake ikabaki nyuma mikononi mwa yeyote aliyewahi.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, imeiweka mipaka ya kadhi wazi: hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pande zote zikiwa Waislamu na zikikubali. Usimamizi wa mali ya mgonjwa wa akili umekaa kwenye Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyorekebishwa 2022, na unaamuliwa na Mahakama Kuu. Kwa hiyo lile alilokuwa akilifanya kadhi kwa Minhaj, leo analifanya jaji.

Ukiisoma sheria hiyo, utajikuta unaitambua. Jamaa wa karibu anaweza kuomba, na haisemi wa kiume wala kifungua mimba. Asipopatikana jamaa wala mtu mwingine anayefaa, mahakama inaweza kumweka Mdhamini wa Umma. Msimamizi akishawekwa, hawezi kuuza, kutoa zawadi wala kuweka rehani nyumba au ardhi bila ruhusa maalumu ya mahakama, na hawezi kuikodisha kwa zaidi ya miaka mitano. Anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni, na hesabu ya kila mwaka. Nyumba haiuzwi ila kwa haja, na anayesimamia ahesabiwe.

Ombi lenyewe lina hati ya kiapo inayoeleza uhusiano wako na mgonjwa, mali iliyopo, na unataka mamlaka ya kufanya nini. Lazima pawe na ripoti ya daktari, na ya mtaalamu wa akili ina uzito zaidi. Jamaa wengine huandika kwamba wameridhika, au wanakuja kupinga. Jaji anaweza kutaka kumwona mgonjwa mwenyewe, kama Habban alivyoitwa.

Tulisema tutarudi kwenye uwakala. Familia nyingi hapa kisiwani zina karatasi ambayo baba aliitia saini miaka mingi iliyopita, akimpa mtoto mmoja nguvu ya kufanya kila kitu. Baba alipokuwa mzima ilikuwa sawa. Akili ikishaondoka, karatasi ile haina nguvu, kwa fikihi na kwa sheria ya Kenya vile vile, hata kama benki haijagundua. Anayeendelea kuitumia anauza asichomiliki. Na wale wanaomshika mama kidole wakakibonyeza kwenye wino mbele ya mnunuzi, hao hawahitaji kuelezwa na sisi wanachofanya. Hata ile namba ya siri ya M-Pesa ya mama, ambayo watoto wote wanaijua, ni kipande cha jambo hili hili. Kununua dawa na nepi kwa pesa yake ni kumtunza. Kujikopesha ni jambo jingine.

Tunaandika haya tukiwafikiria hasa dada wanaouguza. Ni wao wanaoamka usiku, wanaoosha, wanaojibu swali moja mara ishirini kwa saa, halafu siku ya kuzungumza nyumba wanaambiwa wakae jikoni, wanaume wanaongea. Dada, weka risiti. Weka daftari la kodi ya wapangaji na gharama za hospitali, na andika tarehe. Jaji akitafuta nani amekuwa akimwangalia mgonjwa, daftari lile litasema kuliko sauti kubwa za barazani. Ukiomba wewe mwenyewe usimamizi, usiogope kuambiwa unamnyang'anya kaka yako kilicho chake. Cha baba ni cha baba, naye yu hai.

Na wewe bi harusi ambaye baba yako yumo katika hali hii, msikubali gharama za harusi zitoke kwenye mali yake kwa sababu tu zamani aliahidi kukufanyia kubwa. Anayesimamia hana ruhusa ya kutoa zawadi kwa niaba yake. Gauni linaweza kupunguzwa marinda, tutakusaidia.

Amri ya mahakama hudumu kwa muda wa hali ile. Mgonjwa akipona, anaweza kurudi mwenyewe au kwa jamaa yake kuomba iondolewe, na mali yake arudishiwe kwa hesabu. Akifariki, msimamizi hana tena neno juu ya nyumba wala kodi, hata ikiwa ndani ya amri aliandikwa kwa jina lake na muhuri. Kuanzia siku hiyo mali ni ya warithi, na faili jipya linafunguliwa kwa kadhi.